Mbunge akisema yuko kwenye kamati, tumwamini?

"Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi katika mtaa mmoja wa Eastlands hapa Nairobi. Mbunge wetu ni wa muhula wa kwanza. Wakati wa kampeni tulikuwa naye kila Jumapili, siku hizi hata kumsikia kwenye simu ni bahati. Mvua za Aprili zilipojaza mtaro na maji machafu yakaingia majumbani, tulimpigia, hakuja. Kijana wangu wa kidato cha tatu amepewa basari ya shilingi 4,000 na karo ni zaidi ya mara kumi ya hiyo. Tulipomzika mzee wetu wa mtaa, alituma mtu na bahasha. Tukimuuliza, anasema yuko kwenye kamati Bungeni. Wenzangu wamegawanyika: kuna wanaotaka tukusanye saini tumng'oe kabla ya 2027, na kuna wanaosema tumwache tu kwani wote ni wale wale. Nimeagizwa niandike barua ya mambo tunayotaka ayape kipaumbele. Nianze na lipi? Na nitajuaje kama hizo kamati ni kazi kweli au ni kujificha?"

Dada, kwanza pole kwa yale maji. Mtu ambaye hajawahi kupandisha godoro juu ya meza saa tisa usiku huku watoto wakilia hawezi kuelewa kwa nini mtaro umetangulia kwenye swali lako. Mimi naelewa.

Swali lako la mwisho ndilo zito zaidi, kwa hivyo nalijibu mapema. Kamati inaweza kuwa kazi kubwa kuliko zote anazofanya mbunge, na inaweza pia kuwa pazia la kujifichia. Ukiwa mtaani huwezi kutofautisha, lakini tofauti hiyo imeandikwa mahali, na wewe una haki ya kuisoma. Nimekaa miaka mingi kwenye vyumba hivyo vya kamati, kwenye viti vya ukutani nyuma ya wabunge, nikiwaandalia maelezo ya bajeti na miswada. Wa aina zote mbili nimewaona.

Lakini tuanze na mtaro, maana hapo pana kosa ambalo likibaki kwenye barua yenu, barua nzima itatupwa. Mtaro si kazi ya mbunge. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, na mifereji ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa imetajwa waziwazi upande wa kaunti. Taa za barabarani, uzoaji taka, maji na majitaka, zahanati, shule za chekechea, zote ni za kaunti. Kwa hivyo wa kupigiwa simu usiku ule alikuwa mwakilishi wadi wenu, na baada yake ofisi ya gavana. Mbunge anakaa upande ule mwingine: shule za msingi na sekondari, polisi, vyuo vikuu, hospitali za rufaa za kitaifa, barabara kuu. Kuna jambo moja la kuchunguza kabla ya kumwondoa kabisa kwenye suala la mtaro. Kama unapita kando ya barabara inayosimamiwa na KURA, ile mamlaka ya barabara za mijini, hapo mbunge ana neno, kwa sababu bajeti ya KURA hupitia mikononi mwa Bunge la Taifa. Mwakilishi wadi anaweza kuwaambia barabara yenu ni ya nani.

Simlaumu yeyote mtaani kwenu kwa kuchanganya mambo haya. Wagombea wenyewe ndio wanaoyachanganya. Mtu anawania ubunge, anasimama juu ya gari pale stejini na kuahidi mtaro, taa na zahanati kwa pumzi moja, na anajua fika kwamba hana mamlaka juu ya hata kimoja. Akishachaguliwa, hawezi kurudi kuwaambia kwamba alichoahidi hakikuwa chake. Anaanza kukwepa simu. Huenda sehemu ya ukimya mnaouona inatoka hapo.

Sasa, kazi yake ni ipi? Kifungu cha 95 cha Katiba kinalipa Bunge la Taifa kazi ya kuwawakilisha wananchi, kutunga sheria, kugawa mapato ya taifa na kuidhinisha matumizi yake, na kuisimamia serikali. Maneno hayo yanasikika makavu, najua. Ngoja nikuonyeshe yanavyokuwa chumbani.

Kila mwaka, makadirio ya bajeti lazima yafike Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia tarehe 30 Aprili. Yanakuja kama vitabu vinene, kurasa kwa kurasa za mistari yenye namba upande wa kulia. Kila kamati inachukua sehemu yake: ya elimu inachukua elimu, ya usalama inachukua polisi. Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya mbunge mmoja wa muhula wa kwanza, mtu asiyejulikana hata na waandishi wa habari. Maafisa wa wizara walikuwa wanasoma haraka haraka, ukurasa baada ya ukurasa, wabunge wengine wakiangalia simu. Yule mbunge akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akauliza: "Mradi huu mwaka jana tuliupa pesa, na mwaka juzi pia. Uko wapi?" Kimya. Afisa akageukia mwenzake, mwenzake akafungua faili, akaifunga. Hawakuwa na jibu. Siku mbili baadaye kamati ilipendekeza pesa hizo ziondolewe pale, zipelekwe kwenye madarasa. Hakuna aliyepiga makofi, wala picha haikupigwa. Kwenye eneobunge lake, mchana ule ule, watu walikuwa wanalalamika kwamba hakufika kwenye mchango wa kanisa.

Mfano mwingine unaujua, kwa sababu ulikuwa unahusu mkate wa watoto wako. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoletwa, ulikuwa na ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwenye mkate na kodi mpya ya asilimia 2.5 ya magari. Wananchi waliandika, walifika mbele ya Kamati ya Fedha, walituma jumbe kwa simu za wabunge mchana na usiku. Tarehe 18 Juni ilitangazwa kwamba mambo hayo mawili yameondolewa. Angalia mahali yalipoondolewa: kwenye kamati, kabla ya kura. Yaliyobaki yalipigiwa kura tarehe 25 Juni, wabunge 195 wakaunga mkono na 106 wakapinga. Mchana huo vijana walipigwa risasi nje ya Bunge, na siku iliyofuata rais akakataa kutia saini. Sisahau siku ile, na naamini hata wewe hujaisahau. Ninachotaka ukione ni kwamba pale kwenye kamati palikuwa na nafasi ya kuubadilisha mswada mzima kabla mtu yeyote hajaumia. Kila mbunge aliyekuwa hayupo, au alikuwepo na hakufungua mdomo, aliipoteza nafasi hiyo kwa niaba ya watu wake.

Kwa hivyo mbunge wako akisema yuko kwenye kamati, usimcheke. Muulize ni kamati gani, inashughulikia nini mwezi huu, na yeye amesema nini. Mtu anayefanya kazi atakujibu papo hapo, tena utachoka kumsikiliza. Anayejificha ataanza kukueleza jinsi anavyowapenda watu wake.

Wala huhitaji kutegemea maneno yake. Kamati ikimaliza jambo huandika ripoti, na ripoti ikishawasilishwa Bungeni ni ya umma. Nyingi ziko kwenye tovuti ya Bunge na zinafunguka kwa simu. Usisome kurasa zote. Shuka hadi mwishoni, kwenye kumbukumbu za vikao. Juu ya kila kikao kuna orodha ya waliohudhuria, na chini yake waliokosa. Tafuta jina lake kwenye vikao kumi. Ni kazi ya nusu saa, na itakuambia zaidi ya mikutano mitatu ya hadhara. Kwa kikao kizima cha Bunge kuna Hansadi, kumbukumbu ya kila neno lililosemwa. Bunge hukutana Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Kamati nyingi hukaa asubuhi za siku hizo hizo, na mara nyingine husafiri nje ya Nairobi. Katiba yenyewe, kifungu cha 103, inasema mbunge akikosa vikao vinane katika kipindi kimoja bila ruhusa ya Spika ya maandishi na bila sababu ya kuridhisha, kiti chake kiwe wazi.

Kuna pia shirika la Mzalendo, lililoanzishwa mwaka 2005 na Ory Okolloh na Conrad Akunga, ambalo hufuatilia wabunge na kuonyesha ni nani anazungumza na nani hanyanyui mdomo. Litumie, lakini kwa uangalifu. Kuna mbunge anayezungumza kila Jumatano na hajawahi kubadilisha hata koma kwenye mswada, na kuna mwingine anayesema mara tano kwa mwaka, mara mbili kati ya hizo akiwa na marekebisho yaliyopita. Hesabu ya hotuba inakuonyesha aliyelala kabisa. Haitoshi kukuonyesha aliye bora.

Tuje kwenye basari, ambayo najua inakuuma. Pesa hizo si za mbunge, hata kama hundi ilitolewa na picha yake pembeni. Zinatoka kwenye hazina ya maeneobunge, NG-CDF, iliyoanza kwa sheria ya mwaka 2003 kutokana na mswada wa mbunge wa Ol Kalou wakati huo, Muriuki Karue. Sheria ya sasa inaitengea hazina hiyo si chini ya asilimia 2.5 ya mgao wa serikali ya kitaifa, na inagawanywa kwa maeneobunge 290, Nairobi ikiwa na 17 kati ya hayo. Sasa fanya hesabu ya mfano tu: ukiwa na shilingi milioni 50 za basari na waombaji 12,500, kila mmoja anapata 4,000. Ukimzidishia mmoja, umemnyima mwingine. Ndiyo maana kuuliza kwa nini basari ni ndogo hakutawafikisha mbali. Ulizeni orodha ilitengenezwa na nani, kwa kigezo gani, na imebandikwa wapi. Nimekaa kwenye ofisi ya eneobunge Jumamosi saa kumi na mbili unusu asubuhi, nikaona akina mama wamepanga foleni na zile fomu zimelainika kwa jasho, muhuri wa chifu umefifia kwa kukunjwa kunjwa, wengine wamerudi mara ya tatu kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba jina halikupita. Hilo ni jambo la kudai: orodha ibandikwe ukutani.

Hazina hii imefanya mema. Marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra tangu 2013 hadi kifo chake Julai 2019, alikumbatia elimu kama kipaumbele chake, na ukizungumza na wazazi wa Kibra watakutajia madarasa na karo kabla ya hotuba zake. Lakini pia imetugeuza. Kabla yake mbunge alibanwa kwa harambee. Baada yake akawa mtoa basari, mjenzi wa darasa na msimamizi wa mradi, na wakati huo huo ndiye anayetakiwa kuwasimamia wanaotumia pesa za umma. Mahakama zimelitazama jambo hili mara kadhaa. Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya 2013 mnamo Agosti 2022, na Mahakama Kuu Septemba 2024 ikasema hata ile ya 2015 inakwenda kinyume cha Katiba, uamuzi ambao ulipelekwa rufaa. Mimi mwenyewe nina maoni: mtoto wa Eastlands asipoteze karo kwa sababu ya kesi, lakini karo hiyo haikupaswa kupitia mkono wa mwanasiasa tangu mwanzo.

Na hapa ndipo kamati na basari zinapokutana, jambo ambalo sijasikia mgombea yeyote akilieleza jukwaani. Serikali iliahidi kutoa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma. Walimu wakuu wamelalamika kila muhula kwamba pesa hizo zinafika zikiwa pungufu na zimechelewa, na shule ikikosa pesa, mzazi ndiye anayetumiwa barua ya michango ya ziada. Sasa linganisha. Mbunge akipigana kwenye kamati ya elimu na ya bajeti hadi pesa hizo zifike zote na kwa wakati, kila mtoto wa mtaa wenu ananufaika, aliye na fomu na asiye nayo, anayemjua chifu na asiyemjua. Kazi ile haina hundi ya kupigia picha, lakini ndiyo yenye thamani kubwa kwa kijana wako.

Mbona basi wabunge hawaifanyi zaidi? Sababu ya kwanza ni chama. Mbunge mpya hachagui kamati. Kiranja wa chama ndiye anayempanga, na kiranja huyo huyo anaweza kumwondoa. Mwaka 2020 tuliona chama tawala kikiwang'oa viongozi na wanachama wa kamati kwa sababu ya msimamo wao wa kisiasa. Mtu anayetegemea kiti hicho atafikiri mara mbili kabla ya kuipinga serikali yake, hata kama simu yake imejaa jumbe zenu. Simtetei. Nakueleza tu anavutwa na kamba ngapi, ili ujue yenu inahitaji kuwa na nguvu kiasi gani.

Sababu ya pili ni sisi, na naisema kwa upole kwa sababu nimezika pia, na nimepokea bahasha kama hiyo. Kufika msibani ni utu. Mtu asiyekuja kuwapa pole wafiwa anaumiza, na hilo halibadiliki kwa sababu ana kazi. Lakini fuatilia ile bahasha ilikotoka. Mshahara wa mbunge hupangwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu, na hakuna fungu la matanga ndani yake. Eneobunge la Nairobi lina misiba kila wiki, harusi, michango ya kanisa na msikiti, wagonjwa waliozuiliwa hospitalini. Mbunge anayelipa yote hayo amevuka mshahara wake muda mrefu. Zinazozidi zinatoka kwa mtu, na mtu huyo hatoi bure. Anataka zabuni, au anataka kifungu fulani kwenye mswada kilegezwe. Nimewahi kuona mbunge niliyemheshimu akinyamaza kwenye kikao ambacho alikuwa amejiandaa usiku kucha, maelezo nilimwandalia mimi mwenyewe, na baadaye nikaelewa nani alikuwa amelipia hafla zake za Desemba. Kila bahasha tunayoidai inamsogeza karibu na watu hao na kumtoa kwetu.

Nairobi ina ugumu wake wa ziada. Wapiga kura wake wengi ni wapangaji: leo Umoja, mwakani Githurai, na wengine kura yao iko mashambani. Mwai Kibaki alianza safari yake ya ubunge hapa Nairobi mwaka 1963, akahamia Othaya 1974 na kubaki nayo hadi 2013. Ni wachache mno wanaopata muda mrefu hivyo mahali popote, na mbunge anayehofu kwamba miaka mitano ndiyo yote aliyonayo anakimbilia kinachoonekana haraka: lango la shule lenye jina lake, tangi la maji lenye rangi ya chama.

Sheria huchukua muda. Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa, ndiye aliyeleta mswada uliozaa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ambayo leo kila kituo cha polisi kinaitumia. Hakuwa na eneobunge la kumpigia simu usiku, na nadhani hilo lilimpa nafasi ya kupigania kila kifungu. Jude Njomo wa Kiambu Mjini alipitisha sheria ya 2016 iliyozuia benki kutoza riba ya zaidi ya alama nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Wenye mikopo walishangilia. Kisha benki zikawakwepa wafanyabiashara wadogo, na 2019 kizuizi hicho kikaondolewa. Nakutajia yote mawili ili usidhani kila mswada wa mbunge ni baraka. Mbunge wenu akija na mswada, muulize utamfanyia nini mama mboga baada ya mwaka mmoja, na ameshazungumza na nani. Na aharakishe: mswada ambao haujapitishwa hadi muhula wa Bunge unaisha hufa nao.

Kuhusu kumng'oa kabla ya 2027: kifungu cha 104 kinawapa haki hiyo, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya Sheria ya Uchaguzi vilivyoeleza namna ya kuitumia. Haki ipo na njia imekatika. Kukusanya saini elfu nyingi kutawachosha, kutawagawanya majirani, na kutaishia kwenye mlango uliofungwa. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, tayari uko karibu. Wale wanaosema wote ni wale wale nao ningewajibu kwamba mbunge asiyefuatiliwa na mtu huishia kuwa kama wale wale.

Kuna njia ya tatu, na saini mlizotaka kukusanya zitafaa huko. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, akiomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake. Linaandikwa kwa Karani wa Bunge, na Kiswahili kinakubalika kabisa. Eleza jambo lenyewe, sema mmeshafika ofisi gani kulitafutia suluhisho na mkajibiwa nini, sema kama lipo mahakamani au halipo, malizia na kile mnachoomba Bunge lifanye, kisha majina, anwani, namba za vitambulisho na saini au alama za vidole gumba. Lisiwe na sehemu zilizofutwa futwa au kuongezewa juu. Ombi hupelekwa kwenye kamati, na kamati inawajibika kulijibu. Mbunge wenu anaweza kuliwasilisha kwa niaba yenu, na hapo mtamjua: mbunge anayekataa kubeba karatasi ya watu wake mwenyewe amejibu swali lako.

Sasa barua. Nakusihi isiwe na mambo kumi na saba. Barua ya namna hiyo inamfurahisha mbunge mvivu, kwa sababu atachagua lililo rahisi na kuwasahaulisha mengine. Mwandikie matatu. La kwanza ni pesa za shule: shule za umma za mtaa wenu zilipokea kiasi gani muhula uliopita kati ya walichostahili, na yeye ameuliza nini kwenye kamati. La pili ni orodha ya basari na ya miradi ya NG-CDF, pamoja na kiasi na mkandarasi, ibandikwe ofisini. Hapa msiombe kama fadhila. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inailazimisha ofisi ya umma kujibu ombi la habari ndani ya siku 21, na mkinyamaziwa, mpeleke lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. La tatu mchague wenyewe kutoka upande wa serikali ya kitaifa: kituo cha polisi, vitambulisho vya vijana, barabara ya KURA kama kweli ni yao. Mtaro uandikieni barua yake pekee kwa mwakilishi wadi na gavana, na mbunge apewe nakala tu.

Kuna mambo ambayo hayafai kungoja barua. Kijana wako akirudishwa nyumbani kwa karo, nenda wewe mwenyewe kwa mwalimu mkuu asubuhi hiyo na hiyo barua ya basari mkononi, mkubaliane malipo kidogo kidogo. Wengi husikiliza mzazi aliyefika. Mtu akiwaitisha pesa ili jina lipite kwenye basari, msijaribu kumfunza adabu mtaani. Pelekeni taarifa EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, pale Integrity Centre, na mnaweza kutoa bila kujitaja. Mkitishwa kwa sababu ya barua hii, au mkitaka kwenda mahakamani, tafuteni wakili kabla ya kusema zaidi hadharani, na kama hamna pesa za wakili, ulizieni huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria. Na mtaro ule ukianza kuchimba misingi ya nyumba, hiyo si siasa tena: toeni watoto ndani kwanza.

Barua ipelekwe na watu watatu au wanne, mmoja wao awe kijana, siku ya Ijumaa au Jumatatu ambapo Bunge halikai. Chapisheni mbili. Moja mwachie, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe kabla hamjatoka mlangoni, kisha ikae kwako, katibu.